Springi ya tela haikatiki ghafla: dhana potofu na ukweli

Nyuma ya gereji yetu hapa Uyole, Mbeya, kuna rundo la springi zilizokatika, zile za vipande bapa vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Nyingi ni za matela: ya kubebea viazi kutoka Isyonje, ya mbao kutoka Mafinga, na siku hizi matela ya kambi, yale yenye kitanda na jiko ambayo watu huyavuta kwa Land Cruiser hadi Kitulo au Ruaha. Kila mwenye tela huja na maelezo yake ya kilichokata chuma, na mara nyingi maelezo hayo ndiyo humrudisha gereji mwezi unaofuata.

"Shimo limenikatia springi."

Shimo limemalizia tu. Ukiokota springi iliyokatika, tazama pale ilipoachana. Ukikuta sehemu kubwa ina kutu ya zamani na ukingo mdogo tu ndio unaong'aa, jua ufa ulikuwepo safari nyingi kabla ya lile shimo. Na tazama imekatikia wapi. Nyingi ninazoziona zimekatikia katikati, kwenye tundu la senta bolti, ile inayopita katikati kushika vipande vyote pamoja. Hapo ndipo chuma kilipopungua, na kinachopalinda ni yu-bolti, zile bolti zenye umbo la U, zilizobana springi na ekseli kama kitu kimoja. Yu-bolti zikilegea, springi inaanza kujikunja palepale kwenye tundu, kila tuta, hadi ichoke.

Ndiyo maana nikifunga springi mpya nafunga na yu-bolti mpya. Za zamani zimeshavutika, nyuzi zake hazishiki kama mwanzo. Na namwambia dereva: ukitoka hapa, simama Chimala, shuka na spana, kaza tena. Vyuma vipya hukaa sawa baada ya kutembea, na nati iliyokuwa imekaza asubuhi inaweza kugeuka kwa urahisi mchana.

Mwuaji mwingine ni bushi, kile kibomba kidogo kinachokaa kati ya bolti na tundu la springi. Matela ya kulala yanayotengenezwa Marekani, hasa yale ya ekseli mbili, mengi hutoka kiwandani na bushi za plastiki. Plastiki ikiisha, bolti inaanza kula chuma. Tundu lililokuwa duara linakuwa kama yai, vile vibao vinavyoning'iniza springi vinalika, na mkono wa katikati unaogawa mzigo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma unaanza kucheza ovyo. Mwenye tela hasikii chochote, kwa kuwa yeye yuko mbele ndani ya gari. Dawa yake ni bushi za shaba na bolti zenye tundu la kupigia grisi, halafu grisi yenyewe ipigwe kweli. Kupima ni rahisi: inua tela kwa jeki chini ya chasisi, tia vigingi, ingiza mtaimbo kwenye maungio ya springi na usukume. Yakicheza, fungua. Ukweli huu laiti ningeweza kumwambia kila mtu kabla hajapanga safari, maana bushi ni kitu kidogo sana kulinganisha na tela lililolala porini na watoto ndani ya gari.

"Fundi, nichomelee tu nifike Makambako."

Sichomelei springi, hata kwa kuombwa vipi. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kwa kipimo ili kipinde na kurudi. Moto wa kuchomelea unaua sifa hiyo, na pembeni ya mshono chuma kinakuwa kikavu, kinakatika kama kigae. Ni bora mzigo upakuliwe kuliko kupita kwenye mteremko na springi ya namna hiyo. Na ukibadili, badili pande zote mbili, la sivyo tela litaegemea upande wa springi iliyochoka.

"Ongeza kipande kimoja, ibebe zaidi."

Springi itakuwa ngumu zaidi, hilo ni kweli. Lakini ekseli ni ileile, beringi ni zilezile, na tairi ni zilezile. Uwezo wa tela ni uwezo wa kiungo chake kilicho dhaifu kuliko vyote. Pigo ambalo springi ilikuwa inalimeza sasa linapanda kwenye chasisi, na miezi michache baadaye unaniletea fremu yenye nyufa pale springi zinaposhikiliwa.

"Shokapu zimekwisha, ndiyo maana tela limeinama."

Shokapu ya kawaida haibebi mzigo. Kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kurukaruka. Tela likiinama, kagua springi. Matela mengi hayana shokapu kabisa, kwa sababu vipande vya springi vikisuguana vinatuliza kiasi. Kwenye lami hilo hutosha. Kwenye rasta, yale mawimbi ya njia za vumbi, shokapu zinasaidia sana, ila ukikimbiza kwa muda mrefu mafuta ndani yake yanachemka na nguvu inapotea. Punguza mwendo, simama, zipoe.

Kwa sababu hiyohiyo siwashauri watu kupaka oili chafu kwenye springi. Inazuia kutu, sikatai, lakini inaondoa ule msuguano, inashika vumbi linalosaga kama msasa, na bushi za raba zinavimba.

"Mzigo mzito uende nyuma, gari lipumue."

Hii inanitisha kuliko zote. Tela lililoelemewa nyuma linainua mkia wa gari na kuanza kuyumba. Dereva anadhani ni springi, kumbe ni upakiaji. Asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela inatakiwa ikalie ndoano ya gari. Tela la kilo 1,500, basi kilo 150 hadi 225. Pima kwa mizani ile ya kupimia magunia ya viazi, weka chini ya mguu wa mbele wa tela ukiwa umepakia kila kitu, pamoja na maji. Ukianza kuyumba ukiteremka Kitonga, hapo si mahali pa kujifunza.

"Tairi zinalika upande mmoja, nimeuziwa feki."

Chukua tepu kwanza. Pima kutoka katikati ya kifungio cha mbele cha tela hadi ncha ya ekseli kulia, kisha kushoto. Tofauti ikizidi milimita chache, ekseli imekaa mshazari. Vipimo vikilingana na bado tairi zinalika kwa ndani, mara nyingi ekseli imepinda kwa kuzidishiwa mzigo.

"Langu halina springi, halina cha kuharibika."

Hayo ni matela yenye raba zilizobanwa ndani ya bomba la ekseli. Ni matulivu kweli na hayataki grisi kwenye springi. Lakini raba inazeeka na tela linashuka taratibu hadi tairi liguse bodi, na raba hizo hazibadilishwi gereji: ni ekseli nzima. Pima nafasi kati ya tairi na bodi tela likiwa jipya, andika kwa rangi ndani ya boksi la zana, na upime tena kila mwaka.