Petroli, klorini na baruti: nani akae na nani chomboni

Watu wakisikia sheria za mizigo ya hatari wanadhani ni habari za zile meli kubwa zinazofunga gati bandari mpya ya Lamu, kwenye ghuba ya Manda, mashua zetu hazihusiki. Sisi tunaoshughulika na usalama wa vyombo hatuoni hivyo. Nenda Mokowe asubuhi uangalie boti inayopakia kwenda Faza ama Kizingitini: jerikeni za petroli, mitungi ya gesi, betri za sola, magunia ya unga, halafu abiria wamekaa juu yake na watoto mapajani. Ukitoa unga na watu, vyote hivyo vimo kwenye IMDG, kanuni ya kimataifa ya kubeba mizigo ya hatari baharini, ambayo kupitia SOLAS, mkataba wa usalama wa maisha baharini, imekuwa lazima tangu 1 Januari 2004.

Kanuni imegawa mizigo madaraja 9, milipuko (yaani vilipuzi, kama baruti) ni la 1, gesi la 2, petroli la 3, asidi la 8, betri za lithiamu ziko la 9. Lakini kuyajua madaraja hakutoshi, manake mzigo mwingi ukiwa peke yake umetulia tu, balaa ni jirani uliyemuweka naye.

Chukua klorini ya unga inayopelekwa Shela kwa mabwawa ya hoteli. Iko daraja la 5, yenyewe haiwaki ila inaupa moto oksijeni, na ikidondokewa na dizeli ama oili yaweza kushika moto bila kibiriti, na ikikutana na asidi ya betri inatoa gesi inayochoma mapafu. Sasa mtu anaweka ndoo ya klorini kifuniko kimelegea, juu yake jerikeni iliyozibwa kwa kipande cha nailoni, boti ikipigwa na wimbi kidogo petroli inashuka mle mle ndani! Kwenye sitaha ya meli hivyo viwili vinaachana angalau mita 6. Mashua yako haina nafasi hiyo? Basi ni safari mbili, hapo hakuna kubembelezana.

Milipuko ndiyo kali zaidi. Ile inayolipuka yote kwa mpigo mmoja na petroli wanaachana mita 24 kwenye sitaha, na detoneta, vile viwashio vya kulipulia, haziwekwi pamoja na baruti zitakayoilipua. Waliojifunza kwa uchungu ni watu wa Bombay, bandari ambayo majahazi ya pwani hii yanaijua tangu zamani. 14 Aprili 1944, wakati wa vita, meli Fort Stikine ilikuwa gatini na tani kama 1,400 za milipuko, na kwenye chumba kimoja ilipakiwa pamoja na marobota ya pamba. Pamba ikashika moto, wakashindwa kuuzima, meli ikapasuka mara mbili, mamia ya watu wakafa na meli zilizokuwa jirani zikaenda nayo.

Turudi kwa petroli. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, gesi ya kupikia vilevile, kwa hiyo ikivuja haipandi juu ikapotea, inateremka ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, na kujikusanya huko na huoni kitu. Ndiyo maana mtungi unasimamishwa wima ukafungwa kamba, juu, penye upepo, mbali na mashini na mbali na abiria, na jerikeni haijazwi mpaka mdomoni kwa sababu jua la Lamu linayatanua mafuta. Na wewe mwenye mzigo mwambie nahodha umebeba nini kabla ya kupakia, usifiche kwenye gunia kwa kuogopa nauli.

Mkiwa njiani mkasikia harufu, sigara na jiko vizimwe, simu na pampu ya umeme msiziguse, mashini isiwashwe wala isipigwe tena ikiwa imezimika. Fungueni turubai upepo upite, abiria wahamie upande unaotoka upepo, maji ya ngamani yafuliwe kwa upo (kata ya kuchotea maji), pole pole, upo wa plastiki sio wa bati.