Jicho Limetulia, Mbona Dawa Haziishi? Maswali Kuhusu Dawa za Kushusha Kinga

Mimi naumwa jicho. Kwa nini nipewe dawa ya kushusha kinga ya mwili mzima?

Uveitisi ni uvimbe wa ndani ya jicho. Wakati mwingine chanzo ni maambukizi, kama kifua kikuu au kaswende, na hapo tiba ni nyingine kabisa. Ndiyo maana vipimo hutangulia. Maambukizi yasipoonekana, anayelishambulia jicho ni kinga yako mwenyewe, na matone peke yake hayafiki vizuri sehemu ya nyuma ya jicho.

Prednisoloni, ile dawa ya steroidi, ilinisaidia upesi. Kwa nini nisibaki nayo?

Kwa kuzima moto haina mpinzani. Shida ni kuizoea. Dozi kubwa kwa miezi hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, na kwenye jicho lenyewe huleta mtoto wa jicho na kupandisha shinikizo la ndani. Madaktari hulenga kukufikisha miligramu 7.5 kwa siku au chini yake. Kila dozi ikishushwa uvimbe ukirudi, ndipo huongezwa dawa nyingine ya kushusha kinga: methotrekseti, maikofenoleti, azathioprini au sindano ya adalimumabu. Vidonge hivi huchukua wiki kadhaa, hata miezi mitatu, kuonyesha kazi yake. Usivikatie tamaa mapema.

Methotrekseti inamezwaje?

Hapa naomba usome polepole. Humezwa mara MOJA KWA WIKI. Wapo waliokufa kwa kuimeza kila siku, kwa sababu tu ndivyo walivyozoea kumeza vidonge vingine. Chagua siku, andika jina la siku hiyo lote juu ya boksi la dawa, na mwambie mtu wa nyumbani. Asidi ya foliki inayoandamana nayo hupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomoni; kwa kawaida haimezwi siku ileile. Pombe iache au ipunguze sana, maana ini linabeba mzigo tayari. Na ukiandikiwa kotrimoksazoli kwa ugonjwa mwingine, sema kwanza kwamba unatumia methotrekseti: zikikutana zinaweza kuangusha chembe za damu kwa kiwango cha hatari.

Kupimwa damu kila mara ni kwa nini?

Ini, figo na chembe za damu vinaweza kuanza kuharibika kabla hujahisi lolote. Mwanzoni hupimwa kila baada ya wiki chache, kisha kwa nafasi zaidi. Kabla ya kuanza hupimwa pia homa ya ini B na kifua kikuu, kwa kuwa maambukizi yaliyolala yanaweza kuamka. Ukipata homa, kikohozi kisichoisha au malengelenge ya mkanda wa jeshi, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Chanjo je? Na ujauzito?

Chanjo zenye virusi hai, kama ya homa ya manjano na ya surua, kwa kawaida hazitolewi ukiwa kwenye dawa hizi. Methotrekseti na maikofenoleti huharibu mimba, kwa hiyo panga uzazi na daktari mapema. Azathioprini mara nyingi huruhusiwa.

Sioni wekundu, sina maumivu. Niache?

La. Daktari anapolimulika jicho kwa darubini yake, huhesabu chembe zinazoelea ndani ya mwanga mwembamba. Wewe kwenye kioo huzioni hata zikiwa nyingi. Kwa watoto wenye ugonjwa wa uvimbe wa viungo (maungio) jicho linaweza kubaki jeupe kabisa huku linaharibika. Kwa kawaida hungojwa jicho litulie bila steroidi, mara nyingi kwa takriban miaka miwili, kisha dozi hushushwa taratibu. Wengine hupona moja kwa moja. Wengine uvimbe hurudi, wakaanza upya. Kwa hiyo baada ya kuacha, kliniki ya macho usiihame: miezi ya mwanzo ndiyo inayohitaji kuangaliwa zaidi.