Kocha ana wafuasi laki tatu. Nani anapokea hela?

Kila wiki kuna mtu ananiuliza kama kocha fulani wa mtandaoni, wa biashara, wa maisha au wa kubeti soko la fedha, ni wa kweli. Muulizaji huwa tayari ana majibu yake mfukoni, na mengi hayamsaidii.

Dhana: Wafuasi wengi, basi biashara ipo.
Wafuasi hununuliwa kama vocha. Kwenye ukurasa wa Facebook fungua sehemu ya uwazi (Page transparency) uone ulifunguliwa lini, umewahi kuitwa majina gani na wanaouendesha wako nchi gani. Ukurasa ulioanza kama duka la wigi, leo "Kocha wa Mamilionea", umeshajieleza.

Dhana: Shuhuda za wanafunzi zinatosha.
Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Chukua Trump University ya Marekani, iliyoanza 2005. Semina ya siku tatu iliuzwa dola 1,495, na ulezi wa karibu ulifika dola 35,000 hivi. Matangazo yalisema walimu wamechaguliwa na Donald Trump mwenyewe. Alipohojiwa kwa kiapo ikaonekana hakuwachagua yeye. Hakikuwa chuo kikuu pia, na jina likabadilishwa 2010. Cha kuvutia ni fomu za tathmini: wanafunzi wengi walikisifu, na Trump akazitumia kujitetea. Mahakama ya rufani iliyoligusa suala hilo mwaka 2013 ikaeleza kwamba waliotapeliwa mara nyingi humsifu aliyewatapeli mpaka siku wanapogundua. Novemba 2016 kesi zilimalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 25, bila kukiri kosa.

Kwa hiyo ukisoma shuhuda, angalia tarehe. Iliyoandikwa ukumbini, makofi yakiwa bado yanalia, inapima ukumbi. Mtafute aliyemaliza mwaka mmoja uliopita.

Dhana: Jina la kocha ndilo jina la biashara.
Mara nyingi sivyo, na njia rahisi ya kujua ni Lipa Namba: kabla hujaweka namba ya siri, jina la mpokeaji linatokea. Likiwa la mtu usiyemsikia kwenye matangazo, uliza. Kisha tafuta jina hilo BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa Tanzania. Kenya, hati ya CR12 inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni. Akijinadi kuwa na ofisi London, daftari la Companies House, msajili wa kampuni wa Uingereza, linasomwa bure tangu 2015, pamoja na hesabu zilizowasilishwa. Nimeona "kampuni ya kimataifa" ambayo hesabu zake zisingelipa kodi ya fremu Kariakoo. Na usajili wenyewe usikupumbaze: unathibitisha kuwa fomu ilijazwa, basi.

Dhana: Ana cheti, kwa hiyo ana leseni.
Ukocha wa aina hii hauhitaji leseni kama udaktari au uwakili. Vipo vyeti vya hiari. Shirika la kimataifa la makocha, ICF, lililoanzishwa 1995, hutaka saa 100 za kufundisha wateja kwa ngazi ya kwanza na 2,500 kwa ya juu, na lina orodha ya wazi ambamo unaweza kulitafuta jina la kocha.

Dhana: Alichofuta kimepotea.
Wayback Machine, hifadhi ya nakala za zamani za tovuti, iko wazi kwa umma tangu 2001. Weka anwani ya tovuti, linganisha bei na ahadi za mwaka jana na za leo. Video za mubashara na makundi ya WhatsApp hainasi, hizo piga picha ya skrini mapema.

Dhana: Kumchunguza hivi ni kumwandama mtu.
Anachotangaza, anachouza na kesi zake viko hadharani. Hukumu nyingi zinasomwa bure kwenye tovuti za TanzLII (Tanzania) na Kenya Law. Mkewe, watoto na nyumba anayoishi havikuhusu. Ukikuta hukumu yenye jina lake, kwanza hakikisha ni yeye. Kina Juma Hassan ni wengi mno nchi hii.