Kabla hujasema mwanao kapigwa jicho

Maulidi yamekwisha, watu bado wanagaiwa halua na kahawa, mama mmoja akanisimamisha kando ya turubai, macho yameshamwiva. "Maalim, mwanangu kapigwa jicho. Nyumbani kaisoma wiki nzima hajakosea hata herufi. Kwa nini iwe leo, mbele za watu?" Mtoto mwenyewe, wa miaka 11, yupo nyuma yake, kavua kofia anaizungusha vidoleni. Ubeti wa tatu sauti ilimpasuka, neno likampotea, akanyamaza mpaka wenzake wakamwokoa kwa kiitikio. Mama keshapanga asubuhi yake akamsomeshe zinguo, kisomo cha kuondoa jicho la hasadi.

Nafundisha watoto kaswida hapa Wete mwaka wa kumi na tisa huu, na kila Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi, nasimamishwa na mzazi kwa maneno haya haya. Safari hii nimeona niyaandike.

Jicho ni haki. Mtume (S.A.W.) kasema, na mimi si wa kulikataa. Wala simkatazi mtu kumsomea mwanawe, Qur'ani haijamdhuru mtoto. Ila nilikuwepo, nimekaa hatua nne kutoka kwa mtoto yule, na alipotamka neno lake la kwanza tu nilijua kuwa ubeti wa tatu utamshinda. Watu hata hawajapata muda wa kumtazama vizuri.

Alianza juu.

Kwenye taarabu mwimbaji anaingia mlango uliokwisha funguliwa. Kanuni na fidla zimeshapiga, sauti ipo hewani, yeye anaidaka. Sisi wa kaswida tuna dufu na matari, na dufu halimpi mtoto sauti. Anayeanza anaitoa kooni mwake, kwenye ukimya, na pale anapoliweka neno la kwanza ndipo kaswida nzima itakapokaa. Sasa mtoto mwenye hofu huanza juu. Sisemi mara moja moja, karibu kila mara. Hofu inamwaga adrenalini mwilini, moyo unakimbia, mate yanakauka, pumzi inapanda kifuani badala ya kushuka tumboni, misuli ya shingo inakaza na koo linapanda pamoja nayo. Nyuzi za sauti zikivutika sauti hupanda. Anayefunga nyuzi za udi hahitaji kuelezwa hili.

Na ubaya wake ni kwamba neno lile la kwanza linatoka zuri. Linang'ara. Kinamama wanasema mashaallah, baba ananyanyua simu arikodi. Mimi peke yangu moyo unaniruka, kwa sababu nayajua mahadhi: ubeti wa kwanza unatembea chini, wa pili unapanda kidogo, na wa tatu ndio unaokwenda kileleni. Nyumbani, kitandani, alipokuwa akiisoma bila kukosea, kilele kile kilikuwa pale pale ukingoni mwa sauti yake. Leo kaanza hatua mbili au tatu juu zaidi, basi na kilele nacho kimesogea. Hakifikiki. Angekuwa na kipaji cha aina gani, koo ni lile lile moja.

Sauti ikishapasuka mtoto hushtuka, na mtoto aliyeshtuka hupoteza neno. Hapa nina lawama kwa sisi walimu kabla ya wazazi. Tunawakaririsha watoto kaswida kama kamba moja ndefu, kutoka juu mpaka chini, kila neno likilivuta la pili yake. Kamba ikikatika katikati, mtoto hana pa kushika isipokuwa kurudi mwanzo, na mbele ya watu hakuna kurudi mwanzo. Ikiwa kaswida ni ya Kiswahili atajitahidi, atatia neno la karibu, maana anajua anachosema. Ikiwa ya Kiarabu na hakufundishwa maana, hawezi kukisia. Siku hizi nawaanzisha popote: leo ubeti wa nne, kesho nusu ya ubeti wa pili. Na simpi mtoto kianzio, yaani kuwaanzia wenzake, mpaka anieleze kwa maneno yake kila mstari unasema nini. Inachukua muda mrefu, na wazazi wengine wananiona nawachelewesha watoto wao.

Mambo mengine nayapita haraka. Ngozi za dufu zinalegea kwa unyevu wa usiku, zioteshwe moto mapema. Kipaza sauti kisiwe mara ya kwanza kwa mtoto kusikia sauti yake imekuwa kubwa, ajaribu kabla watu hawajaja. Mvulana wa miaka 12 au 13 ambaye sauti imeanza kuvunjika asipewe kianzio mwaka huo, aitikie. Si kwamba keshaharibika, ni balehe. Atarudi na sauti nyengine.

Nataka kukaa kwa mzazi.

Mzazi anatetemeka kuliko mtoto, na simlaumu, ni mapenzi. Lakini hebu mtazame siku ile. Mama kakaa mstari wa mbele upande wa kinamama, kauma upindo wa buibui, midomo inakwenda herufi kwa herufi pamoja na mtoto, macho hayapepesi. Anadhani anampa nguvu. Mtoto tokea anatambaa huutazama uso wa mama yake ajue kama kitu kinatisha ama hakitishi, na tabia ile haiondoki kwa kuvaa kanzu. Anapotupa jicho na kuuona uso ule, anasoma jambo moja tu: mama anaogopa, kwa hivyo pana la kuogopwa. Nawaomba kinamama wakae pembeni, mtoto asiwaone bila kugeuza shingo. Kila mwaka naomba, na kila mwaka mstari wa mbele umejaa.

Baba yeye anakuja na noti. Kutuza ni heshima, nimekulia humo na mimi. Ila kuna kutuza wakati wa kiitikio, na kuna hili la kumkatiza mtoto nusu ya mstari. Nimeona kwa macho yangu mtu mzima anapanda kwa furaha, anaichomeka elfu kumi kwenye kofia ya mwanawe, kofia inamshukia machoni, mtoto anainua mkono kuirudisha, na mkono ule ndio aliokuwa akihesabia mapigo pajani. Dufu likaenda upande wake na yeye upande wake. Baba akaja kuniuliza kama yule mtoto wa jirani aliyekuwa akimkodolea macho ana nia gani.

Kisha lipo hili la "usiogope". Kila mmoja anayepita anamwambia: usiogope, tulia. Mtoto hawezi kuuamuru moyo wake upunguze mbio. Akijaribu akashindwa, anaongeza hofu ya pili juu ya ile ya kwanza. Mwaka 2014 mtafiti wa Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha majaribio ambayo watu waliojiambia wana hamu kabla ya kuhutubia walifanya vizuri kuliko waliojiambia wametulia. Wale walikuwa watu wazima, na sina hakika kama mtoto wa miaka 8 anaingia humo. Mimi nawaambia watoto, moyo ukikupiga ndio umeamka, tayari kufanya kazi. Wengine linawasaidia. Wengine naona wananiitikia kwa adabu tu.

Na lipo linaloniweka macho usiku: sijui umri gani ni mdogo mno. Nilipata kumtanguliza mtoto wa miaka 7, sauti safi kuliko zote nilizofundisha. Akasimama, akaangua kilio, akashushwa. Hakusimama tena mbele za watu, na leo ni kijana mkubwa. Babake aliniambia ni hasadi. Nilitamani iwe hivyo, maana ingenitoa mimi lawamani.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya binti yangu, wa miaka 9. Nilikaa nyuma ya nguzo asinione, kama ninavyowausia wengine, na nilivyoshika tasbihi hata sikuwa nikihesabu kitu. Kaanza juu. Nilisikia neno la kwanza nikafumba macho. Nilijua hasa ni herufi gani itakayomvunja, na sikuwa na la kufanya. Nikaelewa pale kwa nini watu wazima wenye akili zao wanapanda jukwaani na noti: mikono inatafuta kazi. Kikaja kiitikio, wenzake wakaipokea. Kundi likiimba bila ala sauti huelekea kushuka kidogo kidogo, na siku zote nawafundisha waanzaji wasikilize kiitikio kimeishia wapi, wameze mate, ndipo washike hapo hapo, si pale walipoacha. Aliacha mapigo manne mazima yapite. Watu wakaanza kutazamana, bibi yake akasema "Allah, kasahau!" Alikuwa anameza mate. Akashika chini.

Mama yule, kama yatakufikia haya: mwanao hana kasoro, na sauti yake naitaka. Msomee, kisha mlete Alhamisi baada ya Isha. Tutaanzia ubeti wa tatu, na sauti ya kuanzia nitampa mimi.