Wageni wa mashirika huku Nyanda za Juu: wanachokiogopa sio kinachowaumiza

Nawapokea wageni wa mashirika ya misaada pale uwanja wa Songwe, halafu nazunguka nao Mbeya, Rungwe, Makete, saa nyingine mpaka Iringa, na karibu kila anayeshuka anaanza kuulizia nyoka. Sio wazungu tu jamani, wapo Wakenya, wapo Wazambia, wapo na watu wa Dar ambao huku ni ugenini vilevile. Nyoka wapo ndiyo, ila niliowaona wakiumia wameumizwa na jiko la mkaa, na ekzosi ya bodaboda, na siti ya nyuma ya gari la ofisi, kwa hiyo acha niyaseme hapa maana mengine yanaua kabisa.

Kuna hii kwamba Afrika yote ni joto. Mtu anatua mwezi wa sita na tisheti na kandambili. Jiji la Mbeya lipo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Kitulo kule Makete inapita 2,600, na kuanzia Juni mpaka Agosti kule juu kuna asubuhi unakuta majani yana barafu. Hili ni dogo, unamshusha Mwanjelwa kwenye mitumba anapata koti zito na soksi, kazi inaendelea. Ila jua asilidharau eti kwa sababu kuna kibaridi, huku juu linaunguza hata kama unatetemeka.

Shida kubwa ni ile baridi ikishamzidi. Ataambiwa, na wenyeji wenzangu ndo wanaomwambia, kwamba mkaa ukishakolea ukawa mwekundu bila moshi hauna madhara, ingiza tu ndani ulale. Sio kweli hata kidogo! Moshi wa kuonekana umeisha, lakini mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na ikiingia kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni, mtu anasinzia na anaweza asiamke tena. Kule Makete kwenye gesti moja wageni watatu waliolala chumba kimoja walitoka asubuhi wameshika vichwa, mmoja anatapika, wakasema ni malaria, mwingine akasema ni mwinuko. Nikaingia chumbani kwao, jiko lipo chini ya meza lina majivu bado ya moto, na chini ya mlango wamesokomeza taulo ili upepo usipite. Tukawakimbiza hospitali wakawekewa oksijeni, wakapona, namshukuru Mungu. Ukiona watu wa chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa pamoja, hawana homa, na wakitoka nje wanapata nafuu, fikiria mkaa kwanza kabla ya kingine chochote, na cha kufanya ni kuwatoa nje haraka halafu hospitali. Kupata joto omba blanketi la pili, jaza maji ya moto kwenye chupa isiyovuja uizungushie kitambaa, inatosha. Na kufungua dirisha kidogo usikuamini, jiko litoke nje kabla hujalala.

Malaria nayo wanasema huku hakuna kwa sababu ya baridi. Kweli huku juu ni chache ukilinganisha na mabondeni, ila nani anakaa huku juu tu? Wikiendi wote wanashuka Matema kuogelea Ziwa Nyasa, au kazi inawapeleka Kyela na kwenye mashamba ya mpunga Mbarali, kule mbu wapo wa kutosha. Halafu homa haiji kesho yake, inachukua wiki moja na mara nyingi mbili au zaidi, mtu ameshasahau au ameshapanda ndege yupo kwao, na daktari wa kule anamtibu mafua. Kwa hiyo chandarua unashuka nacho, dawa za kinga unameza kama ulivyoelekezwa, na ukipata homa hata ukiwa Ulaya unasema nilikuwa Tanzania, nipimeni malaria.

Maji ya chemchemi ya Rungwe yanang'aa kweli lakini kung'aa sio usafi, juu huko kuna ng'ombe na vyoo. Chemsha mpaka yatokote dakika moja, na ukiwa juu ya mita 2,000 yaache dakika tatu kwa sababu kule yanatokota kabla hayajafikia joto la kule pwani.

Usafiri sasa. Wanadhani Landikruza haikwami wala haipinduki. Inakwama vizuri tu, udongo wa Rungwe ukilowa ni sabuni, na gari refu lililojaa watu kwenye mteremko linalala upande bila hata mwendo mkali. Dereva akisema hapa tusubiri mvua ikatike, mkubwa wa msafara asimsukume kwa ajili ya ratiba ya kikao. Na mkanda wanafunga wa mbele tu, wa nyuma wanaona hauna kazi, wakati gari likipinduka wa nyuma ndo wanarushwa. Kwenye miteremko ya Kitonga na Iwambi malori yanafeli breki, hiyo sio hadithi.

Bodaboda wapandie kushoto, pikipiki nyingi huku ekzosi ipo kulia, na ile alama ya kuungua kwenye shavu la mguu wa kulia nimeiona kwa wageni wengi mno. Akiungua sio dawa ya meno, sio unga, ni maji safi yanayotiririka dakika 20.

La mwisho ni bima. Wengi wanaamini ukiumia tu ndege inakuja. Kampuni ya bima kwa kawaida lazima ipigiwe na ikubali ndo ndege iagizwe, na namba yenyewe ipo kwenye simu ya majeruhi iliyofungwa kwa neno la siri. Iandike kwenye karatasi pamoja na namba ya hati ya bima, moja ampe dereva, nyingine ibaki ofisini.