Wasanii na siasa za Marekani: yanayosemwa na yaliyotokea

Watu wengi hadi leo wataapa kwamba Sarah Palin, gavana wa Alaska aliyekuwa mgombea mwenza wa John McCain katika uchaguzi wa urais wa 2008, alisema anaiona Urusi akiwa nyumbani kwake. Hakusema. Aliyesema ni mchekeshaji Tina Fey, akimwigiza Palin katika Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha televisheni, Septemba mwaka huo. Siku chache kabla, Palin alikuwa ameiambia televisheni ya ABC kwamba kuna mahali Alaska ambapo Urusi huonekana kwa macho. Hilo ni kweli: kisiwa cha Little Diomede kiko kama kilomita 4 tu kutoka kisiwa cha Urusi. Lakini nani anakumbuka mahojiano? Kichekesho ndicho kilichobaki.

Dhana: Ronald Reagan alitoka kwenye filamu akaingia Ikulu.
Ukweli: Njiani alipita kwingi. Mwaka 1947 alichaguliwa kuongoza chama cha waigizaji. Kuanzia 1954 hadi 1962 alikuwa mtangazaji wa kipindi cha General Electric, akizunguka viwanda vya kampuni hiyo kuhutubia wafanyakazi. Kwa maoni yangu, huko ndiko alikonolewa ulimi. Kisha akawa gavana wa California kwa miaka 8.

Dhana: Nyota akimpigia debe mgombea, kura zimepatikana.
Ukweli: Muulize Phil Bredesen. Mwaka 2018 mwanamuziki Taylor Swift alimuunga mkono alipogombea useneta wa jimbo la Tennessee, lakini akaangushwa na mpinzani wake, Marsha Blackburn. Mwaka 2024 Swift akamuunga mkono Kamala Harris, aliyegombea urais. Ndani ya saa 24 watu zaidi ya 400,000 walipitia kiungo chake kwenda tovuti ya serikali ya wapiga kura. Harris alishindwa. Mtangazaji wa televisheni Oprah Winfrey ndiye wa kutajwa kando: wachumi wawili walikadiria kuwa alimletea Barack Obama kura kama milioni moja. Ila hizo zilikuwa za mchujo, ambapo wagombea wote ni wa chama kimoja na mpiga kura hana rangi ya chama ya kumwongoza.

Dhana: Haya yote yameletwa na Donald Trump.
Ukweli: Mwimbaji Al Jolson alimwimbia mgombea urais Warren Harding kwenye kampeni za 1920. Trump alichopata kwenye televisheni ni kiti cha bosi. Kipindi chake, The Apprentice, kilianza Januari 2004; Novemba mwaka huohuo kampuni yake ya kasino ilikimbilia mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Mtazamaji wa kipindi alimwona tajiri anayefukuza watu kazi.