"Moto unaua kila kitu" na mengine tunayodanganyana kuhusu vijidudu

Hili la mahindi yenye kuvu linaniumiza sana maana nalisikia kila msimu. Mtu anachambua, anatupa punje zilizobadilika rangi, zilizobaki anapeleka mashine na kusema aah, moto utaua. Kuvu yenyewe kweli inakufa, lakini sumu ambayo kuvu imekwisha kuiacha ndani ya punje, hiyo tunayoita sumukuvu, haiondoki kwa maji ya ugali hata uchemke vipi, haina rangi wala harufu, ukikoboa inapungua tu haiishi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliugua watu 68 wakafa 20, na wenzetu wa Kenya mwaka 2004, Makueni na Kitui huko, walizika watu 125. Hao ni waliokula nyingi kwa mara moja. Anayekula kidogo kidogo miaka na miaka anajitafutia saratani ya ini.

Na msiseme basi tuwape ng'ombe, sumu inatokea kwenye maziwa. Dawa ni kukausha. Chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, chumvi ikiganda kwenye chupa jua mahindi bado mabichi, rudisha juani, na anika juu ya turubai sio chini kwenye udongo.

Sasa msije mkasema kuvu zote ni adui. Kuna kuvu ya jamii hiyohiyo isiyotengeneza sumu, wataalamu wanaipaka kwenye mtama, inauzwa kwa jina la Aflasafe, Kenya ipo na Tanzania ipo, mkulima anaimwaga shambani kabla mahindi hayajatoa mbelewele, inawahi nafasi na ile mbaya inakosa pa kukaa. Yaani kuvu kwa kuvu! Hata penisilini ilitoka kwenye kuvu, Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928.

Tukija kwenye dawa ndo kabisaaa. Mafua yamekushika, unaenda duka la dawa unaomba amoxi (amoksilini, ile antibayotiki) vidonge vinne. Mafua ni virusi, amoxi inapiga bakteria, hapo haina cha kupiga zaidi ya wale bakteria wazuri wa tumboni wanaokusaidia kusaga chakula na kutengeneza vitamini K, ndo maana wengine wakimeza antibayotiki tumbo linaharisha.

Halafu kuna ile kauli ya "mwili wangu umeshaizoea hiyo dawa, nipe kali zaidi". Hapana ndugu yangu, mwili hauzoei, wanaozoea ni bakteria. Dawa inaua wanyonge, wale sugu wanabaki na kuzaana, na sugu hao hawakai kwako peke yako, unamwambukiza mwanao ambaye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja na dawa inagoma kwake pia. Hilo watu hawalijui kabisa na ndo linalonitisha zaidi, kwa sababu mzigo wa kidonge chako anakuja kuubeba mtoto. Fleming mwenyewe alilionya hilo mwaka 1945 alipopokea tuzo ya Nobel.

Maziwa ya mgando nayo, wengi wanaamini yakishachacha yako salama. Bakteria wanaogandisha ni wazuri, ila kama hukuchemsha kwanza, brusela, bakteria wa ugonjwa unaotoka kwa mifugo kuja kwa watu, wanaweza kubaki humo. Chemsha, acha yapoe, ndo utie mtindi wa jana.

La mwisho la shambani. Mtu anang'oa kunde anakuta vinundu kwenye mizizi, anadhani ugonjwa, anapiga dawa. Mara nyingi ndani ya vinundu hivyo wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuipa mmea, mbolea ya bure. Jaribu kukibandua kwa kucha: kikitoka kirahisi na ndani kina wekundu wa waridi, wako kazini. Kama ni mzizi wenyewe umevimba na hakibanduki, hiyo ni minyoo fundo, vijinyoo vidogo vinavyoshambulia mizizi. Na ukivuna kata shina tu, mizizi iache ardhini ioze hukohuko, mahindi ya msimu ujao yataikuta mbolea hiyo.